Kupima Kasi ya Programu ya Bao: Mfano wa Mkondo wa Manda

Makala haya yanakusudia kuonyesha namna ya kulinganisha kasi ya programu mbili za tarakilishi zinazocheza bao la Kiswahili. Suala lenyewe si geni: mwaka 2002, Donkers na Uiterwijk wa Maastricht, Uholanzi, waliandika kuhusu uundaji wa programu ya bao. Hoja ya makala haya ni kwamba kipimo kisichozingatia kanuni za mchezo hupotosha.

Msafiri ashukaye katika uwanja wa ndege wa Manda huvuka mkondo kwa mashua hadi Amu. Nahodha aliyefuata maji hawezi kujigamba kuwa amemshinda mwenziwe aliyekwenda kinyume cha maji. Mashua hushindanishwa katika maji mamoja. Programu nazo ni vivyo hivyo.

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Iwe ni katika namua au katika mtaji, zamu moja yaweza kuisha upesi, au kete zikasambazwa mizunguko kadhaa kabla ya mchezaji kulala, yaani kete yake ya mwisho kuangukia shimo tupu. Kwa hivyo, kuhesabu zamu pekee hakutoshi. Chukulia kwamba programu ya kwanza imecheza zamu 1,000 kwa sekunde 2, na ya pili zamu 1,000 kwa sekunde 3. Ya kwanza yaonekana kushinda. Lakini ikiwa ya kwanza ilisambaza kete 5,000 na ya pili 12,000, basi ya kwanza ilisambaza kete 2,500 kwa sekunde, na ya pili 4,000. Hukumu inageuka.

Ili ulinganisho uwe wa haki, mambo manne yazingatiwe:

(a) Programu zote zipewe nafasi zilezile za kete na zamu zilezile, katika tarakilishi ileile.
(b) Bao lisichorwe kwenye skrini wakati wa kupima, kwani uchoraji nao hula muda.
(c) Jaribio lirudiwe mara nyingi, kisha itafutwe wastani.
(d) Mwishoni, kete katika kila shimo zilingane. Programu iliyoruka kanuni haina kasi, imekosea.

Kwa kuhitimisha, istilahi kama kete, zamu, namua, mtaji na kulala zimetosha kueleza kipimo hiki bila kuazima. Wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kufundishia sayansi ya tarakilishi wangeanzia barazani, penye bao.