Chupa ya Mafuta

Soma 2 Wafalme 4:1–7. Kabla ya kumsaidia mjane, Elisha alitaka kujua nini kutoka kwake?

Mwalimu wa uuguzi atokaye ng'ambo akifika Mpanda huanza kuhesabu visivyopo: vitabu, vifaa vya mazoezi. Nani asingefanya hivyo? Lakini usiku mmoja mwanafunzi wake atakuwa zamu peke yake katika zahanati ya kijiji, na mama ataingia na mtoto wa miaka miwili anayekohoa. Saa ya mkononi yatosha. Mtoto akitulia, pumzi zake zihesabiwe dakika nzima. Zikifika 40 au zaidi, nimonia ishukiwe. Somo hilo hufundishika hata chini ya mwembe.

Mafuta ya mjane yaliongezeka alipoyamimina.

Darasa lenu linangojea msaada gani kutoka nje, hali tayari lina kitu cha kuanzia?