SOMO: RUZUKU NA UWANJA WA WATOTO

Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu tulizoea kuwaambia wanachuo kwamba mtoto asiyecheza hajifunzi sawasawa. Shirika la Afya Duniani nalo hushauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wautumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Lakini jambo moja hatukulifundisha: nani hulipia? Kukimbia hakuna bei, ila uwanja una bei. Tuliwahi kuona uwanja wa shule moja ukimegwa kidogo kidogo kwa majengo, mpaka watoto wakabaki kukimbizana barazani. Hakuna aliyekusudia ubaya. Haikuwapo karatasi ya kuulinda.

Basi tutazame mfano wa Uingereza.

Kwanza, ardhi. Mfalme George wa Tano alipofariki mwaka 1936, ulianzishwa mfuko wa kumkumbuka. Mfuko huo ulitoa ruzuku ya viwanja vya michezo, kwa sharti kwamba ardhi iwekwe chini ya udhamini, iwe ya michezo daima. Vilipatikana viwanja 471. Mwaka 1965 mfuko ulifungwa, na ulinzi ukakabidhiwa chama cha hisani kilichoanzishwa mwaka 1925, ambacho leo huitwa Fields in Trust. Mfuko ulikwisha, viwanja havikwisha.

Pili, mpango. Mwaka 2006 fedha za Bahati Nasibu ya Taifa, pauni milioni 155, zilitengwa kwa michezo ya watoto katika England. Halmashauri ilitakiwa kwanza kuandika mpango wa michezo wa eneo lake, ikishirikiana na vyama vya hisani. Tena kulikuwa na kanuni tatu: mtoto asilipe kiingilio, aje na kuondoka apendavyo, na achague mchezo mwenyewe.

Tatu, kikomo. Mwaka 2008 serikali iliahidi pauni milioni 235 kwa viwanja vipatavyo 3,500. Mwaka 2010 serikali ilibadilika, matumizi yakabanwa, na fedha zilizobaki hazikulindwa tena kwa ajili ya michezo.

Tunajifunza nini? Ruzuku ni kama mvua: hunyesha ikapita, na aliyetega mtungi ndiye hubaki na maji. Mtungi wenyewe ni hati ya ardhi, kamati inayotunza hesabu, na watu wa kukaza bembea iliyolegea wakati mfadhili ameshaondoka. Anayeomba fedha za kununua bembea bila kutaja fedha za kuitunza ameomba nusu ya haja yake.

Maswali ya kujadiliana:
1. Watoto wa mtaa wetu huchezea wapi, na hati ya mahali hapo iko kwa nani?
2. Tukipewa ruzuku leo, nani atautunza uwanja mwaka wa tano?
3. Je, tumewauliza watoto wenyewe wanapenda kucheza nini?

Tuanze na swali la kwanza. Majibu yake yasipopatikana, mengine hayatatufaa.