Hukumu ya Ngozi na Namna ya Kuijua Iliyo Njema

Bismillahi Rahmani Rahim. Ama baad.

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa sisi watu wa Mvumi tumo katika nchi ya ng'ombe. Ijapokuwa mwaka 1986 mifugo iliondolewa hapa ili kuiponya ardhi iliyomomonyoka, watu hawakuacha kuhitaji ngozi. Mtu hununua mshipi, au kiatu, au ala ya kisu, kisha huswali navyo; na swala haisihi kwa mwenye kuchukua najisi. Basi imempasa kuijua ngozi anayoivaa.

Ngozi ya mnyama aliwaye, aliyechinjwa kisharia, ni twahara hata kabla ya kutiwa dawa. Ama aliyekufa kwa ukame au maradhi ni mzoga. Ngozi yake ni najisi, wala haifai kuiuza ingali mbichi. Lakini ikidabighiwa, yaani ikitiwa dawa, hutwaharika. Asili yake ni habari ya mbuzi aliyekufa wa mjakazi huru wa Bibi Maimuna: Mtume, sala na salamu zimshukie, aliwauliza mbona hawakuitwaa ngozi yake wakainufaika, akawabainishia kuwa kilichoharimishwa ni kumla. Mbwa na nguruwe hawamo; ngozi zao hazitwahariki kwa dawa yoyote.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu huiwamba ngozi juani siku kadha, au huipaka chumvi, akasema imekwisha kuwa twahara. La. Katika madhehebu yetu, kama alivyobainisha Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, yaani 1277) katika Minhaj, sharti iwe dawa kali yenye kuondoa mafuta na unyevu uliomo: mfano wa maganda ya mgunga, ganda la komamanga, gome la mkandaa huko pwani, au gome la miwati ya Njombe. Alama yake ni kuwa ngozi ikirudishwa majini haiozi wala hainuki. Iliyokaushwa kwa jua, ukiiloweka tu, uvundo hurudi. Mahanafi wana kauli yao katika jua, nasi hatuwalaumu.

Na mtihani wa fundi ni huo huo. Tazama mahali ngozi ilipokatwa: ikiwa rangi ni moja toka uso hata ndani, dawa imepenya. Ukiona katikati mstari mweupe mgumu kama pembe, haikuiva. Itapasuka, na twahara yake haijatimia. Ngozi ya viwandani iliyotiwa kromu huwa ya kijivu au samawati katika mkato. Kwa rai yangu hiyo imedabighiwa sawasawa, kwani haiozi.

Baada ya dawa, ngozi ya mzoga huoshwa kwa maji kama nguo iliyoingia najisi. Na manyoya yake hayatwahariki kwa dawa, ila machache yaliyosalia husamehewa. Mwenye kuswalia ngozi yenye manyoya na aulize ilikochinjwa.

Ama ubora, sehemu ya mgongo ndiyo imara. Ya tumbo ni legevu, hunyooka upesi. Ngozi ya mbuzi ni nyembamba na ngumu kuchanika, yafaa majalada ya vitabu; ya kondoo ni laini lakini huchanika; ya ng'ombe ndiyo ya soli. Ya nguruwe vinyweleo vyake hukaa vitatu vitatu, basi chungulia bitana ya kiatu. Na ya plastiki aghalabu nyuma yake ni kitambaa.

Muuzaji akijua kuwa ngozi ina jeraha la kisu cha mchunaji, au tundu za kupe, akalifunika kwa rangi, hiyo ni ghishi, na ni haramu. Mnunuzi akiiona aibu iliyokuwako kabla ya kuipokea, ana khiyari ya kurudisha, lakini afanye upesi. Akikawia bila ya udhuru, haki yake imeanguka.

Wallahu aalam.