Umerudi, Sasa Shika Jembe

Wiki hii nimeyaweka kando maswali mengine kwa sababu ya ujumbe mmoja nilioupata usiku, nikaamka nao asubuhi ungali moyoni. Umetoka kwa binti wa miaka 17. Amerudi Tanga wiki tatu zilizopita baada ya kumaliza mwaka wa masomo Ohio, Marekani. Anasema: "Dada, siku ya kuondoka kule nililia, nikajipa moyo kwamba nikifika nyumbani yataisha. Sasa nipo nyumbani na bado nalia. Shuleni wananiita mzungu. Mama anasema nimeota mdomo. Nikianza kusimulia, kaka yangu ananikata: haya, Ohio tena. Nimekosea wapi?"

Mdogo wangu, hujakosea. Njia hiyo naijua kwa sababu nimeipita. Nami niliondoka Tanga mwezi Agosti nikiwa kidato cha tatu, nikaenda Minnesota kwa mpango wa YES, ule ulioanzishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ili vijana wa nchi zenye Waislamu wengi wakakae mwaka mmoja na familia za kule na kusoma shule za kule. Nilirudi Juni. Wiki ya kwanza nilikuwa bibi harusi: pilau, majirani, picha. Wiki ya tatu nilikuwa nalala nimefunika uso kwa khanga ili mdogo wangu asinisikie.

Hali hii ina historia yake. Mwaka 1955 Mnorwe mmoja, Sverre Lysgaard, alichapisha utafiti juu ya wenzake waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa Fulbright. Aliona kwamba moyo wa mtu ugenini unakwenda kama herufi U: anafika na furaha, anashuka, halafu akizoea anapanda tena. Mwaka 1963 mtu na mkewe, John na Jeanne Gullahorn, wakaongeza kipande kilichokuwa hakijasemwa. Mtu akirudi kwao hushuka tena mara ya pili kabla ya kutulia. Ukiziunganisha U mbili unapata W. Wewe sasa hivi uko kwenye bonde la pili la W hiyo. Semina ya kurudi nyumbani waandaaji wa mpango huwa wanatupa, nakumbuka, lakini nani anasikiliza semina siku anazoagana na watu aliowapenda?

Sasa nikwambie jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua, na laiti ningeambiwa mapema.

Siku ya pili baada ya kufika niliuliza, "Mbona Bibi hajaja kunisalimia?" Sebule nzima ikanyamaza. Bibi mzaa mama alikuwa amefariki Februari. Watu wazima walikaa wakakubaliana nisiambiwe, nisije nikaacha masomo au nikaugua nikiwa peke yangu kwenye theluji. Nilikasirika, wadogo zangu. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilisema wamenidanganya, na kwamba kule mtu huambiwa ukweli wake.

Ilinichukua karibu mwezi kumuuliza mama swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: yeye Februari aliipitaje? Tulikuwa tunachambua mchicha. Akaniambia kwamba kila Jumapili nilipopiga simu saa sita mchana, kwao ilikuwa saa mbili au saa tatu usiku. Alikuwa ananawa uso kwanza, anakaa uani mbali na wengine, anapokea simu kwa sauti ya kawaida. Nikimuuliza hali ya Bibi, anasema anakusalimu. Simu ikikatika, analia. Miezi minne alifanya hivyo. Aliyemzika ni mama yake, na mimi nilidhani msiba ule ulikuwa umefichwa kwa ajili ya kunionea mimi.

Ndiyo maana nakwambia, kabla hujasimulia Ohio yako, uliza mwaka wao. Watu uliowaacha hawakukaa wamesimama pale uwanja wa ndege wakikusubiri. Kuna aliyeugua, kuna aliyepoteza kibarua, kuna deni lililochukuliwa ili wewe upate nguo za baridi. Huyo kaka anayesema "Ohio tena," muulize alifanya kazi zipi zilizokuwa zako ulipokuwa hupo. Nani alichota maji? Nani alimpeleka mdogo wenu kliniki? Akishasimulia yake hadi mwisho, utashangaa atakavyokaa kusikiliza yako.

Na hadithi zako zigawe, usizimwage. Kila mtu ana mlango wake. Babu yangu ni mkulima wa Handeni. Maghorofa hayakumhusu hata kidogo. Lakini nilipomweleza kwamba niliona mashamba ya mahindi yasiyo na mwisho, na kwamba sehemu kubwa ya mahindi yale huliwa na ng'ombe na nguruwe au hugeuzwa mafuta ya magari, mzee aliweka kikombe chini. Aliniuliza mbegu, nafasi kati ya mstari na mstari, mvua, wanavyovuna. Maswali mengine sikuyaweza, nikamwandikia baba wa familia iliyonilea kule, akajibu, nikamsomea Babu. Hadi leo ananiita mtaalamu wake wa mahindi.

Hilo la mama kusema umeota mdomo lisikuvunje. Kule ulifundishwa kumtazama mtu mzima usoni na kutamka, "Hapana, sitaki." Kwao huo ni uwazi. Kwetu, mbele ya wageni, ni kumvua mama nguo. Sikushauri uirudishe sauti yako mfukoni. Binti anayeweza kuuliza darasani na kukataa jambo baya anahitajika sana hapa. Nakushauri uchague mahali na wakati. Mfuate jikoni akiwa peke yake, mshikie mwiko asogee kidogo apumzike, kisha sema, "Mama, lile la jana naomba tuliongee." Shikamoo yako iwe ya kwanza asubuhi, hata kama kule uliwaita wazee wako kwa majina yao ya kwanza. Mama akiiona heshima iko palepale, neno lako jipya halitamtisha.

Neno mzungu litachakaa lenyewe usipolipigania. Wewe cheza rede, kopa daftari, omba uonyeshwe hesabu zilizokupita.

Maana shule ndiyo inayouma kuliko utani. Mwaka mmoja wa kule hausimami mahali pa mtihani wa Baraza la Mitihani. Mimi nilirudi wenzangu wakiwa kidato cha nne, usajili wa mtihani wa Novemba ulishapita, na fizikia sikuwa nimeigusa mwaka mzima. Nilirudia kidato cha tatu na watoto niliowaacha nyuma. Niliona aibu kupita kwenye korido. Leo nikitazama, mwaka ule haukunipunguzia kitu, ila natamani ningekwenda kwa mwalimu wa taaluma wiki ya kwanza badala ya kujificha nyumbani hadi wiki ya tano. Wewe nenda Jumatatu na mzazi wako. Beba ripoti zako zote za Ohio, ulizeni mnapangiwa wapi, na kama kuna somo umekosa, tafuta wa kukufundisha jioni. Nanyi mnaojiandaa kuondoka, jambo hili limalizeni shuleni kabla ya kupanda ndege.

Ndugu nao watakuja wakiamini umerudi na dola. Sema ukweli taratibu: ulikuwa mwanafunzi, ulilishwa na familia, huna akiba. Usikope ili ununue zawadi za kuficha ukweli huo.

Kuna wengine mmeniuliza kama inawezekana kurudi kule haraka. Sikilizeni vizuri. Aliyekwenda kwa viza ya J-1 kwa fedha za serikali ana kanuni ya miaka miwili: lazima akae nchini kwake jumla ya miaka 2 kabla ya kupewa viza za kazi za H na L au ukaazi wa kudumu wa Marekani. Kanuni hiyo haikuzuii kuomba viza ya mwanafunzi siku za mbele. Lakini nawaomba msiitumie miaka hiyo miwili kama abiria aliyekaa stendi. Kijana anayeishi Tanga huku moyo ameuacha Ohio hapati Ohio wala Tanga.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mdogo wangu wa Tanga, siku zako za ugeni zimekwisha na hakuna aliyekupa jembe, kwa sababu wanakuogopa kidogo. Wanadhani umezoea mashine ya kufulia. Lichukue mwenyewe. Kesho amka kabla ya mama, fagia uwanja, washa jiko, muulize bada ya leo, ugali wetu wa muhogo, italiwa na samaki gani. Usiku, familia yako ya Ohio ikikutumia picha, zijibu kwa upendo, halafu zima simu. Watafute pia wenzako waliorudi miaka ya nyuma, wapo na wanakutana. Mbele yao hutahitaji kueleza kwa nini unalia ukisikia harufu ya sabuni fulani.

Mimi mwenyewe bibi yangu nilikwenda kumtembelea kaburini Agosti, na mama, tukiwa wawili. Nilimsimulia Minnesota yote pale. Mama alisikiliza hadi mwisho.

Niandikie baada ya mwezi mmoja, mdogo wangu. Uniambie mama yako alikujibu nini ulipomuuliza mwaka wake.