Hakuna Namba, Hakuna Kazi
Kijitabu cha rejista ya mali ya kidijitali kwa wasimamizi wa majengo ya umma, mafundi na watunza bustani

Kijitabu hiki kimetolewa kwa sababu malalamiko yamezidi. Mafundi wanasema hawajalipwa. Wapangaji wanasema kazi haikufanyika. Wasimamizi wa majengo wanasema waliagiza kwa simu na fundi akaja. Mara nyingi wote watatu wanasema kweli, ila hakuna hata mmoja mwenye karatasi ya kuthibitisha, na mhasibu halipi maneno.

Kanuni mpya ya Wakala wetu ni fupi, na hakuna wa kusema haikumfikia: kila kazi ya matengenezo au bustani katika majengo tunayoyasimamia sharti ianze kwa namba ya mali inayohusika. Hakuna namba, hakuna kazi. Hakuna kazi, hakuna malipo.

Mali ni nini

Pampu ya kisima ni mali. Tangi la maji, jenereta, paa, karo, taa ya uani na kiyoyozi cha chumba cha chanjo ni mali. Mwarobaini uliosimama kando ya ukuta nao ni mali, na una namba yake. Wapo waliocheka waliposikia mti una namba. Mizizi ya mti hufuata unyevu; ikikuta ufa kwenye chemba ya maji taka huingia na kujaa humo. Fundi bomba anakuja kuzibua, analipwa, anaondoka. Baada ya miezi michache chemba imeziba tena. Mtunza bustani anayepogoa mti huo kila msimu hajui habari za chemba, na fundi bomba hajui kwamba mti upo kwenye mkataba wa mtu mwingine. Rejista inapoonyesha kwamba mti huu uko mita 3 kutoka chemba ile, na kwamba chemba imezibuliwa mara kadhaa, msimamizi anaacha kulipia dalili na kuanza kutibu ugonjwa.

Kila mali ina ukurasa wake katika mfumo wa rejista: namba, aina, mahali ilipo, tarehe iliyofungwa au kupandwa, dhamana, aliyeihudumia mara ya mwisho na kitu alichobadilisha. Ukurasa hufunguka kwa simu ukipiga picha ya msimbo wa QR ulio kwenye kibati cha mali hiyo. Kibati kiwe cha alumini. Karatasi iliyowekwa plastiki haimalizi masika mawili. Kwenye jenereta kisiwekwe karibu na bomba la moshi. Kwenye mti kifungwe kwa waya uliolegea, wala kisipigiliwe msumari.

Mahali ilipo: andika vipimo

Hapa ndipo uzembe ulipo mkubwa. Watu wanapiga alama kwenye ramani ya simu na kuridhika. Simu ya kawaida, hata mahali pa wazi, inaweza kukosea kwa mita 5 hivi, na karibu na majengo marefu au chini ya miti hukosea zaidi. Mita 5 zinatosha kumpeleka mtu upande wa pili wa ua. Vali iliyofukiwa chini ya ukoka haipatikani kwa ramani ya simu.

Chukua futi kamba. Pima kutoka sehemu mbili zisizohama, kwa mfano kona mbili za jengo, kisha andika: “Vali ya umwagiliaji: mita 4.2 kutoka kona ya kaskazini, mita 6.8 kutoka kona ya mashariki, upande wa nje wa ukuta, kina sentimita 40.” Atakayekuja baadaye atazungusha futi kamba kutoka kona hizo mbili, na vipimo vitakapokutana ndipo pa kuchimba. Fanya hivyo kwa bomba, chemba, vali na hasa waya wa umeme uliopita ardhini. Sululu haijui waya una umeme au hauna. Tunarudia: waya wa ardhini usioandikwa kwenye rejista ni mtego uliotegewa mtunza bustani, na msimamizi aliyejua akanyamaza hatatuambia kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Kuagiza na kufunga kazi

Msimamizi hufungua ukurasa wa mali, huandika tatizo, huchagua mzabuni mwenye mkataba, na mfumo hutoa hati ya kazi yenye namba yake. Mzabuni akifika hupiga picha ya hali aliyoikuta, hufanya kazi, hupiga picha tena kutoka palepale aliposimama mwanzo. Msimamizi huenda kuona kwa macho yake ndipo afunge hati. Ankara huambatanishwa na hati iliyofungwa, pamoja na risiti ya EFD.

Picha zipigwe ndani ya mfumo. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupoteza saa na mahali ilipopigwa, hivyo haithibitishi chochote. Tumeshapokea picha moja ya mtaro uliosafishwa ikiwa imeambatanishwa kwenye madai ya mitaro miwili. Picha ilikuwa nzuri. Mtaro wa pili ulikuwa bado umejaa mchanga na chupa.

Na msimamizi asifunge hati akiwa ofisini. Mwenye kufunga kazi asiyoiona ameweka saini kwenye jambo asilolijua, na mkaguzi atamuuliza yeye kabla ya kumuuliza fundi.

Kwa bomba lililopasuka usiku, koki kuu ifungwe mara moja, bila kusubiri hati. Kufunga koki ni dharura. Kubadilisha bomba ni kazi, na kazi ina namba.

Mtandao ukikosekana, jaza kadi ya karatasi iliyo nyuma ya kijitabu hiki na uiingize siku hiyohiyo. “Kesho” ndiyo iliyotufikisha hapa.

Nani aanze

Faida ya rejista ambayo wengi hawajaiona ni kupanga zamu. Kituo kimoja cha afya kilipandiwa ukoka mpya mbele ya wodi ya wazazi. Wiki hiyohiyo fundi bomba, aliyeagizwa na ofisi nyingine, alichimba mtaro katikati ya ukoka huo. Wote wawili walikuwa na kazi halali na wote walidai malipo, na ukoka ukalipiwa mara mbili. Hati zote mbili zingekuwa kwenye mfumo, mtunza bustani angeona uchimbaji unakuja, akangoja.

Utaratibu ni huu: wachimbaji kwanza, kisha wajenzi na wapaka rangi, bustani mwisho. Mpulizia dawa asiguse eneo la kisima kabla msimamizi hajaangalia kisima kiko wapi kwenye rejista, na atumie kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA tu. Mifereji ya paa isafishwe kabla ya Machi na kabla ya Oktoba, yaani kabla ya masika na vuli. Mfumo utakumbusha, lakini mfumo haupandi ngazi.

Nani anaruhusiwa kufanya kazi

Mzabuni awe amesajiliwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023, na awe na TIN na leseni ya biashara. Kazi za ujenzi zinahitaji usajili wa CRB, za umeme leseni ya EWURA. Vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu vinayo nafasi yao ya asilimia 30 kisheria. Maelezo yako ofisini kwa Afisa Ugavi.

Kwa wasiotuamini

Tunajua wapo mafundi wanaoona mfumo huu ni mlango mwingine wa kucheleweshewa fedha. Hawana makosa kuwa na wasiwasi. Madai yamekaa mezani huko nyuma, mengine muda mrefu kuliko ilivyostahili. Lakini Wakala unajivunia kusema kwamba sasa fundi anaweza kuona kwa simu yake hati iko kwa nani, na aliyeikalia anaonekana kwa jina. Kwenye jalada la karatasi hilo halikuwezekana.

Mnapotumia mfumo huu, msipige picha za wagonjwa, watoto au wapangaji, wala msiandike mahali funguo zinapowekwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu nyinyi pia.

Mzabuni, ukipigiwa simu na yeyote, hata bosi wa ofisi, uje kukata mti au kutengeneza pampu, omba namba ya hati kabla ya kushusha vifaa kwenye gari. Asipokupa, usishushe.