Mihuri Minne kwa Wiki

Kabalagala, mtaa wa Kampala, huchangamka jua likizama. Muuza rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, kando ya Barabara ya Ggaba huwasha jiko wakati wenye ofisi wanarudi nyumbani, na wapanda boda wanaongoja wateja nje ya baa huhesabu pesa zao karibu na alfajiri. Hapo ndipo hesabu inapopotelea. Umechoka, noti ziko mifuko mitatu, ukiamka mchana hukumbuki kilichoingia wala kilichotoka. Basi siku yako ya hesabu iishe pale unapofunga kazi, hata ikiwa ni saa kumi alfajiri, na uandike kabla ya kulala. Mstari mmoja watosha: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki.

Kalamu ikikushinda, hesabu kitu unachokishika. Trei moja ina mayai 30. Rolex ya mayai mawili ndiyo ya kila siku, kwa hiyo trei tatu tupu chini ya meza ni rolex 45, au pungufu kidogo, maana wapo wanaotaka ya matatu. Ukiziweka trei hizo kando hadi asubuhi, zitakwambia ukweli hata kama usingizi umekuzidi.

Ila mtu akijihesabia peke yake hujihurumia. Ndiyo maana naupenda sana utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na leo umeenea Uganda nzima. Wengi huusifia mikopo. Mimi nausifia kijitabu cha kila mwanachama. Humo kila mkutano una nafasi tano, na kila hisa unayonunua hupigwa muhuri. Ukileta hisa mbili, nafasi tatu zilizobaki huchorwa mstari papo hapo mbele ya wenzako, wala huwezi kurudi wiki ijayo ukazijaza. Kisha vijitabu hufungiwa sandukuni pamoja na pesa, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu.

Sasa weka lengo lako kwenye mihuri hiyo. Tuseme hisa ni shilingi 5,000 na unataka 1,040,000 kwa mwaka: hiyo ni mihuri 208, yaani minne kila wiki. Usingoje Desemba. Wiki ya 13 ikifika, unapaswa kuwa na mihuri 52. Ukikuta 41, umepungukiwa 11. Hapo hakuna haja ya kukata tamaa: kati ya wiki 39 zilizobaki, wiki 11 ziwe za mihuri mitano, nyingine zibaki za minne minne. Pengo la mapema huzibika hivyo. Ukiligundua wiki ya 45, nafasi zenyewe hazitatosha, kwa kuwa juu ya tano hupokelewi.

Lengo la kikundi nalo lina dawa yake, na haihitaji kusoma. Kabla sanduku halijafunguliwa, wanachama huulizwa: mara ya mwisho tuliacha ngapi? Wanaitaja kwa sauti, kisha pesa zinahesabiwa wote wakitazama. Stegi ya boda yenye mfuko wa dharura inaweza kufanya vivyo hivyo kila Jumatatu, na jiko la hoteli pia. Tajeni tarakimu mbili tu, tuliyopanga na tuliyo nayo. Mkitaja kumi, hakuna atakayeibeba hata moja hadi nyumbani.

Tarakimu zikiachana, ulizeni kilichotokea kabla ya kuuliza nani. Andikeni sababu kando ya wiki yenyewe: mvua, matairi, msiba, ada. Baada ya miezi michache mtaona zinavyojirudia. Shule za Uganda zina mihula mitatu, na kila inapofunguliwa mihuri hupungua kwa karibu kila mzazi. Mwenye kulijua hilo huupanga mwaka wake mapema: Februari anapiga miwili kwa wiki bila kuona haya, Machi na Aprili anapiga mitano.