Somo la Mwezi: Mjumbe Safarini – Hati, Hoteli na Hesabu



Somo letu safari hii ni juu ya kusafiri nchi ya nje na kulala hotelini. Pengine utauliza: mkata miwa wa Kakira au mfumaji wa kiwandani Jinja ana haja gani na somo la hoteli? Jibu ni fupi. Chama hutuma wajumbe. Leo ametumwa katibu wa tawi, kesho utatumwa wewe. Huenda ukaitwa kwenye semina Kisumu, kilipo Chuo cha Wafanyakazi cha Tom Mboya, au kwenye mkutano Nairobi. Nauli na malazi yako yatatoka katika ada inayokatwa kwenye mshahara wa kila mwanachama. Hivyo mjumbe hachukui mfuko wake tu. Amechukua jasho la wenzake.

1. Hati kwanza

Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa. Kitazame mapema. Kama muda wake umekwisha au kimevunjika, unaweza kurudishwa mpakani.

Chukua pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kukubaliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo usingoje wiki ya safari. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Aliyechanjwa zamani asidanganywe kwamba lazima alipie kingine.

Jambo la tatu husahauliwa na wengi: ruhusa ya mwajiri kwa maandishi. Msimamizi akikuambia kwa mdomo tu, "Nenda," utaporudi anaweza kusema ulitoroka kazini. Acha nakala ya ruhusa hiyo, na ya kitambulisho chako, kwa katibu wa tawi.

2. Mpakani

Mjumbe wa Jinja hupita Busia. Wa Mbale hushuka Tororo, kisha Malaba au Busia. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa mwaka 2018. Anayekwenda Kenya humaliza mambo ya nchi zote mbili upande wa Kenya, na anayerudi huyamaliza upande wa Uganda.

Neno "bodaboda" lilizaliwa hapa hapa mpakani, kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu. Wengi wao ni watafuta riziki kama sisi. Lakini ukiambiwa, "Foleni ni ndefu, twende njia ya panya," kataa. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa ruhusa ya kutembelea nchi mwanachama hadi miezi 6 bila malipo. Kwa nini basi uingie kama mwizi? Ukikamatwa mbele ya safari bila ruhusa ya kuingia, barua ya chama haitakutoa.

Fedha badilisha benki au kwenye duka lenye leseni, na udai stakabadhi. Shilingi ya Kenya na ya Uganda zina jina moja tu. Thamani zake ziko mbali sana. Fanya hesabu yako kabla ya kutoa noti.

3. Hotelini

Katika miji mingi ya Kenya kibao cha "hoteli" huonyesha mahali pa kula. Anayetaka kulala aulize loji au gesti.

Kabla ya kutia sahihi, uliza mambo manne: Bei ni ya chumba au ya mtu? Chai ya asubuhi na kodi zimo? Saa ngapi ni lazima kutoka? Nitapewa stakabadhi yenye jina la nyumba na tarehe? Ukichelewa kutoka, unaweza kutozwa siku nyingine. Vinywaji vilivyomo katika friji ya chumbani na nguo zinazofuliwa na hoteli kwa kawaida hulipiwa mbali.

Karani akitaka kitambulisho, mwonyeshe, aandike namba, akurudishie. Usikiache kiwe rehani. Kanuni hii ni kubwa kuliko hoteli: Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 2011, unasema mfanyakazi wa nyumbani ana haki ya kukaa na hati zake mwenyewe. Wafundishe hayo vijana wetu wanaokwenda kazi za Uarabuni.

Usiku, tazama ngazi ya kutokea moto ukitokea. Na kama kuna baridi, usiwashe jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Hewa yake haionekani, nayo huua watu usingizini.

4. Anayetandika kitanda ni mwenzetu

Shirikisho la kimataifa la IUF, lililoanzishwa mwaka 1920, huunganisha vyama vya wafanyakazi wa mashamba, viwanda vya chakula na hoteli. Kwa hiyo mkata miwa na mtandika vitanda wako katika nyumba moja. Nchini Kenya wafanyakazi wa hoteli wana chama chao, KUDHEIHA. Uliza kama wa hoteli yako wamejiunga, na penye nafasi ya kuchagua, lala kwao. Mkataba wa ILO Namba 172, wa mwaka 1991, unasema mfanyakazi wa hoteli lazima alipwe mshahara kwa vipindi maalumu, apate bakshishi asipate. Toa bakshishi ukiweza, lakini usimfokee mtu kama msimamizi anavyokufokea wewe.

5. Safari ya Geneva

Mkutano Mkuu wa ILO hufanyika kila mwaka Geneva, Uswisi. Kila nchi hupeleka wajumbe wanne: wawili wa serikali, mmoja wa waajiri, mmoja wa wafanyakazi. Katiba ya ILO inasema gharama za safari na malazi yao hulipwa na nchi yao. Raia wa Uganda huhitaji pasi na viza. Maombi ya viza hupelekwa si chini ya siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya safari.

6. Kurudi

Tuseme wajumbe wawili wamerudi. Wa kwanza anasema, "Fedha zote zimekwisha." Wa pili anaweka mezani stakabadhi za basi, chumba na chakula, na chenji iliyobaki. Huenda wote wawili ni waaminifu. Lakini tawi litamwamini nani mara ya pili? Andika matumizi kila jioni, na toa ripoti ya mkutano mbele ya wanachama.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, tawi letu lina kanuni ya maandishi juu ya masurufu ya safari?
2. Mjumbe asiye na stakabadhi atendewe nini?
3. Tangu mjumbe wetu wa mwisho arudi, ni jambo gani alilojifunza ambalo sisi tumelitumia kazini?